NYOKA, JINA NA TASWIRA
Historia ya kamera na nyoka wa sumu katika Afrika ya Mashariki

Miongoni mwa maneno yanayomtaabisha mtunga kamusi ya Kiswahili, majina ya nyoka yana taabu ya pekee. Fira, swila, koboko, bafe, moma, kifutu, piri, ukukwi, hongo: kila moja linajulikana na watu wengi, na kila mmoja wao ana yakini ya maana yake. Lakini ukimwuliza mtu wa Lamu na mtu wa Tanga, kisha ukamwuliza mtu wa Mikindani na mtu wa Tabora, utaona kwamba jina moja lina nyoka wawili, na nyoka mmoja ana majina matatu. Bafe wa huku ni kifutu wa kule. Moma wa mahali hapa si moma wa mahali pale. Jina ukukwi hupewa nyoka wa kijani akaaye mitini. Lakini nyoka wa kijani wakaao mitini ni wa namna nyingi, na wengine hawana dhara, na wengine huua.

Shida hii huongezwa na lugha za kigeni. Wazungu walilichukua neno la Kizulu la kumtaja nyoka mwembamba mwenye mbio na sumu kali, wakalifanya mamba, na jina hilo likaenea katika vitabu vyao. Kwa Mswahili, mamba ni mnyama wa mtoni mwenye magamba na mkia wa nguvu. Kwa hiyo mwenye kufasiri habari za nyoka kwa Kiswahili bila ya kuangalia huweza kumpandisha mamba wa mtoni juu ya mkorosho, na msomaji akastaajabu.

Sababu ya mchafuko huu si uvivu wa watu wala upungufu wa lugha. Kiswahili kina majina ya samaki na ya sehemu za chombo yaliyo dhahiri kabisa, kwa kuwa mvuvi humshika samaki mkononi na seremala huishika mbao. Nyoka hashikwi. Amwonaye hufanya moja katika mambo mawili, hukimbia au huchukua fimbo. Na fimbo ikiisha kazi yake, kichwa ambacho ndicho chenye alama za kumpambanua nyoka huyu na yule kimekuwa uji. Kitu kisichotazamwa hakiwezi kupata jina thabiti. Kwa sababu hiyo historia ya kamera iliyomsogelea nyoka wa sumu, akiwa hai na mahali pake, ni sehemu ya historia ya maneno pia, na kama itakavyoonekana, ni sehemu ya historia ya tiba.

UJUZI WA KALE

Si haki kudhani kwamba ujuzi wa nyoka ulikuja na wageni. Katika Usukuma kilikuwako chama cha mafundi wa nyoka, Buyeye, chenye mafunzo na dawa zake na ngoma zake. Hans Cory alichapisha maelezo juu yake mwaka 1946. Watu wa chama hicho waliwashika nyoka, wakawajua kwa mwendo na kwa tabia, na wakawaganga walioumwa. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli. Lakini ulikuwa wa siri, nao ulipita kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi aliyeapa. Kwa watu wengine, yaliyobaki yalikuwa hofu na methali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, walisema wazee, na methali hiyo inaeleza vema hali ya jicho lenye hofu: huona nyoka pasipo nyoka, na penye nyoka huona zaidi ya alivyo.

Mfano wa kuona zaidi ni yule nyoka mkubwa asimuliwaye sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mwenye upanga mwekundu kichwani kama jogoo, na ambaye huwika. Masimulizi yake ni mengi, na waliosimulia hawakuwa waongo. Wataalamu wa wanyama walitoa fasiri kwamba nyoka anapojivua gamba, kipande cha ngozi kuukuu huweza kubakia kichwani na kusimama kama kishungi. Kamera haijaleta taswira ya nyoka huyo awikaye hata leo.

CHUPA NA BRASHI

Elimu ya nyoka iliyoandikwa ilianza kwa chupa. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1891, alifika Nairobi mwaka 1914 kuangalia jumba la makumbusho; baada ya vita akafanya kazi katika idara ya wanyama ya Tanganyika, na mwaka 1924 akaenda katika chuo cha Harvard, Marekani. Kutoka huko alirudi mara kadhaa katika milima ya Uluguru na Usambara na nchi nyingine za jirani kukusanya nyoka, mijusi na vyura. Kazi yake ni msingi ambao wote waliofuata wamejenga juu yake.

Lakini chupa ya spiriti ina ila moja kubwa. Huhifadhi magamba, wala haihifadhi rangi. Nyoka wa kijani akitiwa katika spiriti, rangi yake ya manjano huyeyuka na kutoka, naye hugeuka kuwa wa buluu. Basi mwanachuoni aliyekaa Ulaya au Marekani huweza kuhesabu magamba ya nyoka wa Tanga moja moja, na asijue kwamba nyoka huyo alikuwa na rangi ya majani ya mwembe.

Dawa ya ila hiyo ilikuwa brashi ya mchoraji. Kapteni Charles Pitman, aliyekuwa mkuu wa wanyama wa pori katika Uganda, alitoa kitabu chake cha nyoka wa Uganda mwaka 1938, chenye picha za rangi zilizochorwa kwa mkono. Kilikuwa kitabu cha fahari, na mtu aliweza kukifungua na kumtambua nyoka aliyemwona shambani. Lakini mchoraji naye humchora nyoka aliyeletwa mbele yake, amekufa au amefungwa. Namna nyoka anavyokaa mahali pake, na namna anavyopotea machoni hali yupo hatua mbili mbele, brashi haikuwa na njia ya kuyajua.

KAMERA YAINGIA NYIKANI

Kamera iliingia katika nyika za Afrika ya Mashariki mapema. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku, katika nchi za Kilimanjaro na Umasai, miaka ya 1903 na 1904. Alifunga mnyama wa chambo, akatega kamba, na simba alipoigusa kamba unga wa magnesi ulilipuka kwa mwanga mkali na kamera ikafunguka. Kitabu chake kilipata sifa kubwa katika Ulaya, na katika jina lake alizitaja pamoja mwako wa picha na bunduki. Lugha ya Kiswahili nayo iliona mfano huo huo, kwani husema kupiga picha kama isemavyo kupiga bunduki. Mwaka 1909 Mwingereza Cherry Kearton alikuja Kenya na kamera ya sinema.

Watu hao waliwapata simba na vifaru. Nyoka hawakumpata kwa urahisi, na sababu zake si ngumu kuelewa. Mabamba ya kioo ya wakati ule yalihitaji mwanga mwingi, na kamera zilikuwa nzito, zenye miguu mitatu. Simba ni mkubwa, hupigwa picha toka mbali. Nyoka ni mdogo, amelala chini, na sharti kamera imfuate chini. Tena kadiri lenzi inavyokisogelea kitu, ndivyo upana wa mahali panapoonekana wazi unavyopungua; pua ikiwa dhahiri, jicho limefifia. Kuyapata yote mawili kunataka tundu la lenzi lifungwe liwe dogo sana, na tundu dogo linataka mwanga wa nguvu.

Vifaa vya kushinda shida hizo vilikuja kimoja kimoja. Mwaka 1925 ilitoka kamera ndogo ya Leica, itumiayo filamu ya milimita 35. Mwaka 1931, katika Marekani, Harold Edgerton alitengeneza taa ya umeme iwakayo kwa muda mfupi mno, hata kitu chenye mbio huonekana kama kimesimama. Mwaka 1936 kiwanda cha Dresden kilitoa kamera ya Kine Exakta, ambayo mpigaji huona ndani yake kwa lenzi ile ile itakayopiga picha, wala halazimiki kukisia. Na katika miaka ya 1950 zilianza kuuzwa lenzi zilizotengenezwa makusudi kwa vitu vidogo vya karibu. Hapo ndipo mtu wa kawaida, asiye na mizigo na wapagazi, alipoweza kulala juu ya majani makavu na kumtazama nyoka uso kwa uso.

BWANA NYOKA WA LIWALE NA NEWALA

Wakati vifaa hivyo vilipokuwa vikikamilika, kusini mwa Tanganyika aliishi mtu ambaye jina lake halitengani na nyoka. Constantine John Philip Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901 katika ukoo wenye asili ya Uyunani. Alikuwa askari, kisha mwindaji wa tembo, tena si kila mara kwa idhini ya serikali. Na mwaka 1933 akaingia katika idara ya wanyama. Alikaa Liwale miaka mingi, na pori kubwa la Selous lilipata mengi kwa juhudi yake. Alipozeeka alihamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, akaifanya kazi ya nyoka kuwa ndiyo kazi yake. Alikufa mwaka 1968, akazikwa katika pori alilolitumikia.

Nchi ya Newala ilimfaa. Miembe na mikorosho iliyopandwa karibu na nyumba ilikuwa makao ya nyoka mwembamba wa kijani ambaye wataalamu humwita Dendroaspis angusticeps. Wanakijiji walimpelekea habari, naye alikwenda na koleo lenye mpini mrefu, akamtoa nyoka juu ya mti na kumtia mfukoni. Katika majani makavu ya msituni alipatikana Bitis gabonica, nyoka mnene, mwenye rangi za zulia zuri, ambaye meno yake ya sumu huweza kufika urefu wa sentimita 5. Nyoka huyo ana utulivu wa ajabu, na huweza kukanyagwa kabla hajaonekana. Ionides aligongwa na nyoka zaidi ya mara moja katika maisha yake, na mikono yake ilibeba alama.

Vitabu vilivyomtangaza vilifuatana: cha Alan Wykes mwaka 1960, cha Margaret Lane mwaka 1963, na chake mwenyewe mwaka 1965. Picha za namna ile humwonyesha mtu hasa: mzee mwembamba, kofia kuukuu, koleo, na nyoka akining’inia. Nyoka ndani yake ni mateka. Msomaji hujifunza ushujaa wa mshikaji, lakini hajifunzi nyoka yule hukaaje pasipo mtu. Ujuzi mkubwa zaidi wa Ionides umo katika maandishi yasiyo na mbwembwe, kama yale aliyoyatoa pamoja na Pitman mwaka 1965 juu ya nyoka wa sumu wa Afrika ya Mashariki. Humo mna ushahidi wa miaka mingi ya kutazama, na kutazama ndiko kulikokuwa na thamani kuliko kushika.

MKONO NA JICHO

Hatari ya kutofautisha vibaya baina ya mkono na jicho ilionekana mbali na Afrika, katika mji wa Chicago. Tarehe 25 Septemba 1957 aliletwa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama kwa Karl Schmidt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya nyoka katika Marekani, ili aseme jina lake. Nyoka alitoka Afrika, naye alikuwa na alama moja isiyolingana na maelezo ya vitabu. Schmidt alimshika mkononi amwangalie vizuri; nyoka akamwuma kidole gumba. Bingwa aliliona jeraha kuwa dogo, akaenda nyumbani, akaandika kwa utaratibu dalili zote zilizompata, na siku ya pili akafa. Nyoka yule alikuwa Dispholidus typus, ambaye yuko katika Kenya na Tanzania pia, na huhesabiwa na watu wengi katika kundi la ukukwi. Mtu alikufa akitafuta jina.

Kamera humwezesha mchunguzi kutazama bila kushika, lakini haiondoi hatari, huibadilisha. Mtu aliyetia jicho katika kamera haoni mguu wake wala kichaka cha ubavuni. Lenzi humdanganya juu ya umbali, na tamaa ya kupata picha iliyo bora kuliko ya kwanza humsogeza kidogo kidogo. Walter Van Riper wa Denver, kwa taa za namna ya Edgerton, alipima mbio za kichwa cha nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani, akaeleza mwaka 1953 kwamba ni kama mita 2 na nusu kwa sekunde. Uchunguzi wa mwaka 2016 katika Louisiana ulionyesha kwamba nyoka wasio na sumu nao hugonga kwa mbio zile zile, na kwamba pigo hufika chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde; kope ya binadamu hutaka muda mkubwa zaidi kufumba na kufumbua. Hapana mpigaji awezaye kuurudisha mkono wake kwa wakati.

Kwa hiyo waliofanya kazi hii kwa miaka mingi na wakabaki hai waliifuata sheria isiyo na siri: nafasi iwe kubwa kuliko nyoka awezavyo kufika, na lenzi ndefu ifanye kazi ya kusogea. Kwa bafe na jamaa zake, ambao hukaa palepale na kutegemea kutoonekana, nafasi hiyo si kubwa. Kwa swila, atemaye sumu na kulenga uso kwa umbali wa mita 2 na zaidi, miwani ni lazima. Kwa koboko, anyanyuaye kichwa juu na mwenye mbio, busara ni kutosogea kabisa. Wala mtu asiende peke yake, wala asiende pasipo kujua hospitali yenye dawa iko wapi.

UKWELI WA PICHA

Liko swali jingine linalowahusu wanachuo zaidi. Je, picha husema kweli? Nyoka wengi walioonekana katika vitabu hawakukutwa walipopigwa picha. Walishikwa, wakawekwa juu ya gogo au jiwe lenye kuvu nzuri, wakafunikwa kofia mpaka wakajikunja na kutulia, kisha kofia ikaondolewa. Wengine walitiwa mahali pa baridi kwanza, ili wazubae. Picha ya namna hiyo ni kweli juu ya rangi na magamba, na kwa kazi ya kutambua aina inatosha. Lakini si shahidi wa makao wala wa tabia. Nyoka wa ardhini akiwekwa juu ya tawi, msomaji atasadiki kwamba hupanda miti, na kosa hilo litaingia katika kamusi: nyoka wa mitini. Mwanachuo wa maneno anayajua mambo haya, kwani ni sawa na mfano wa sentensi uliotungwa na mtunga kamusi mwenyewe badala ya kuchukuliwa vinywani mwa watu. Huweza kuwa sahihi, lakini hautoshi kuthibitisha matumizi.

Picha ya nyoka aliyekutwa mahali pake, ambaye hakuguswa, ni adimu na mara nyingi si nzuri. Jani limeziba nusu ya kichwa, mwanga haukutosha, mkia umeishia gizani. Hata hivyo ndiyo yenye thamani, kwa sababu husema hapa ndipo alipokuwa, na hivi ndivyo alivyokaa.

JINA NA TIBA

Faida ya kazi hii ilionekana wazi tangu mwisho wa karne ya ishirini. Mwaka 2002 kilitoka kitabu cha Spawls, Howell, Drewes na Ashe juu ya reptilia wa Afrika ya Mashariki, ambacho kwa picha nyingi za wanyama hai kilimweka mkulima na mtaalamu mbele ya ushahidi mmoja. Kim Howell alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. James Ashe ndiye aliyeanzisha shamba la nyoka la Watamu, katika pwani ya Kenya, mwaka 1980. Huko Watamu watu walikuwa wakimjua swila mkubwa wa rangi ya udongo, na wanachuo walimchanganya na swila mweusi. Mwaka 2007 Wüster na Broadley walithibitisha kwamba ni aina ya peke yake, wakamwita Naja ashei. Nyoka aliyekuwa akitema sumu machoni mwa watu kwa vizazi vingi alipata jina lake la elimu karne hii.

Jina si jambo la kamusi tu. Shirika la Afya Ulimwenguni, ambalo mwaka 2017 liliyaingiza maradhi ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, na walio mara tatu ya hao hupoteza viungo au kubaki na vilema vya kudumu. Sumu za nyoka hazifanani: nyingine huozesha nyama, nyingine huzuia damu isigande, nyingine hukata pumzi. Dawa ifaayo sumu ya huyu huenda isifae ya yule. Na dawa zenyewe zimekuwa chache, maana dawa moja ya Ufaransa iliyotegemewa sana katika Afrika, yenye nguvu juu ya sumu za aina 10 za nyoka, ilikoma kutengenezwa mwaka 2014. Mgonjwa akiletwa hospitalini, na jamaa zake wakasema aligongwa na ukukwi, tabibu hajajua neno. Wakileta picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali, pasipo kumfuata nyoka wala kumpiga, macho makubwa ya Dispholidus na kichwa chembamba kirefu cha Dendroaspis huonekana mara moja. Picha mbaya ya namna hiyo ina kazi kuliko picha mia za fahari.

Lakini elimu ina upande wake wa kivuli. Mwaka 2011 Menegon, Davenport na Howell walimtangaza nyoka mpya wa kusini-magharibi ya Tanzania, Atheris matildae, mweusi na manjano, mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho kama pembe. Walitoa picha zake, wakatoa vipimo vyake, lakini msitu alimopatikana hawakuutaja. Walijua kwamba wako wafanya biashara watakaomwona nyoka mzuri wa namna ile katika picha na kwenda kumtafuta, na msitu wenyewe ni mdogo. Kwa desturi ya elimu, mahali ni sehemu ya ushahidi. Kwa desturi ya ulinzi, mahali ni siri. Watu wa Buyeye, walioapa kutotangaza waliyoyajua, wangelielewa jambo hilo bila ya kuelezwa.

Basi njia iliyoanza kwa fimbo, ikapita katika chupa, brashi, koleo na lenzi, imefika pahali ambapo nyoka anaweza kutazamwa kwa muda mrefu na kuachwa aende zake. Imebaki kazi ambayo si ya mpiga picha. Picha za nyoka wa nchi hizi zipo tele, na chini yake pameandikwa majina ya Kilatini na ya Kiingereza. Jina la Kiswahili mara nyingi halipo, au liko moja lililowekwa juu ya nyoka watatu. Mwenye kuzichukua picha hizo na kuzipeleka Lamu, Pangani, Newala na Tabora, akaziweka mbele ya wazee na wakulima, akawauliza huyu mwamwitaje, ataokoa maneno mengi ambayo wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Na siku ambayo neno litokalo kinywani mwa mgonjwa litamaanisha nyoka mmoja tu katika sikio la tabibu, kazi ya mtunga kamusi itakuwa imeokoa zaidi ya maneno.